Chemka Bila Sufuria

Mara ya kwanza familia yetu kwenda Chemka, nilirudi nyumbani mkavu. Wenzangu wote waliingia majini: watoto watatu, baba yao, mdogo wangu, hata mpwa wetu ambaye nyumbani akimwagiwa kopo la maji analia. Mimi nilikaa kwenye mkeka chini ya mti, nikilinda sufuria la pilau, hotpoti ya ndizi nyama, jozi sita za viatu na simu nne. Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri. Nilikaanga vitunguu mpaka kitenge kikanuka, nikamenya ndizi, nikafunga sahani, vijiko, chumvi, pilipili kwenye kichupa, dumu la maji ya kunywa na dumu jingine la kunawa. Tulipofika nikapakua. Walipotoka majini na njaa zao nikapakua tena. Jioni tukarudi Pasua, mtaani kwetu mjini Moshi, na vyombo vile vile, safari hii vikiwa na mchanga, nikaviosha. Baba watoto, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Leo na wewe umepumzika, mama."

Kwa wasiopajua, Chemka ni chemchemi iliyoko wilayani Hai. Unashuka Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Arusha, halafu unachukua bodaboda au bajaji kwa njia ya vumbi, vumbi kweli kweli. Ukifika unakuta ajabu: katikati ya tambarare kavu ya miiba kuna maji ya buluu, masafi hata mizizi ya miti unaihesabu chini. Watalii wanaambiwa ni maji moto. Hayachemki hata kidogo, ni vuguvugu tu. Kilichochemka siku ile kilikuwa chakula changu, na kilikuwa kinachemka tangu alfajiri.

Siku hizi ushauri wa kumwambia mama apumzike umejaa kila mahali. Redioni asubuhi, kwenye semina za akina mama, kwenye status za WhatsApp zenye picha ya kikombe cha chai na ua pembeni: mama jipende, acha vyombo, kacheze na wanao, nafsi isikusute. Siupingi. Ninachogombana nacho ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kinachomzuia mama kupumzika ni moyo wake mwenyewe, kwa hiyo ajisamehe tu na mambo yatakaa sawa. Moyo wangu siku ile ulikuwa mweupe. Nilitaka kuingia majini, hata nguo ya kuogelea nilikuwa nimeivaa ndani ya dera. Kilichonizuia ni sufuria, na sufuria lile halikuja Chemka kwa miguu yake.

Tena kusuta ni kazi ya watu wawili. Hakuna anayesutwa bila msutaji. Nafsi inayomsema mama akiacha beseni la vyombo imejifunza maneno hayo kwa watu, na watu hao wana sura na ukoo, wengine tunakula nao Krismasi.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu kazi za nyumbani na za matunzo zisizolipwa. Lilikadiria kwamba wanawake duniani hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi hizo, na wanaume saa 1 na dakika 23. Kwa jumla, zaidi ya robo tatu ya mzigo wote imo mikononi mwa wanawake. Huo ni wastani wa dunia nzima, umemchanganya mwenye mashine ya kufulia na anayefua mtoni. Mama wa Moshi mwenye jiko la mkaa na maharage ya kuchemka saa mbili ausome akijua yuko upande gani wa huo wastani.

Lakini mimi saa hazinitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba kazi hizo hazina siku.

Chukua Jumapili. Ibada ya kwanza ni mapema, kwa hiyo watoto wawe wameoga, wamekunywa chai, na soksi zimepatikana zote mbili. Baada ya ibada kuna mnada, ndizi na mayai ya sadaka vinauzwa pale nje, watu wanataniana, na mama anatupia jicho saa kwa sababu nyama haijabandikwa. Mchana ni chakula cha Jumapili, ambacho lazima kiwe kizito kuliko cha siku nyingine kwa sababu ni Jumapili. Alasiri ni sare. Kwa wengi wetu mtoto wa shule ana sare mbili, wengine moja na nusu, na Jumatatu asubuhi zinatakiwa zikiwa safi, kavu, zimepigwa pasi. Aprili, masika ikiwa imekolea na mlima haujaonekana wiki nzima, sweta la shule halikauki kwa siku moja. Utalianika nyuma ya friji, utalisogeza karibu na jiko, mtoto ataenda shule ananuka moshi. Saa hizo baba yuko kibandani anaangalia mpira. Simsemi vibaya, ametoka kazini Jumamosi jioni na ana haki ya kukaa. Nataka tu tuone kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza ameacha nini nyumbani. Mpira wake haudaiwi maelezo.

Sikukuu ndiyo kabisa. Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, ukoo mzima unakutana kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kila mtu anasema amekuja kupumzika. Wanaume wanachinja mbuzi, nisiwanyime haki yao, ila kuchinja kunachukua asubuhi moja. Kumenya, kupika, kupakua na kuosha kunachukua siku kumi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi, ingawa wengi wetu tunajisahaulisha. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kuna mtu anayefagia, kupika na kufua ambaye sheria inasema apumzike, na kuna mwingine anayefanya yale yale ambaye hakuna karatasi inayomtaja. Huyu wa pili mahakama iliwahi kumgusa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma wanandoa, kwa tafsiri ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Ni hukumu kubwa, wanasheria wanaitaja mpaka leo. Lakini angalia imezaliwa wapi: kwenye talaka. Kazi ya mama ilipewa jina la kazi siku ambayo nyumba ilikuwa imeshavunjika. Yule anayeendelea na ndoa yake na beseni lake, karani akimuuliza kazi yake ya kuandika kwenye fomu, anajibu, "Niko nyumbani tu."

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu.

Yuko Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro. Ana ng'ombe wawili bandani, wale wa kulishwa ndani, na ng'ombe hana Jumapili wala Pasaka. Kila siku kuna majani ya kukata, migomba ya kukatakata, samadi ya kutoa, maziwa ya kupeleka. Nimemuona akishuka njiani na mzigo wa majani kichwani mpaka uso wote umefunikwa. Unaona majani yanatembea, halafu sauti inakusalimia kutoka ndani. Nilipoolewa nilidhani mwanamke huyu hapumziki kamwe. Ila siku ya gulio hakosi. Anabeba mkungu mmoja wa ndizi, siku nyingine chane mbili tu na mafungu ya maparachichi, anatembea mpaka gulioni, anarudi jioni. Siku moja, kwa ujuaji wangu wa mjini, nikamwambia, "Mama, si umpe kijana wa bodaboda akupelekee, wewe ubaki upumzike?"

Alinitazama, akacheka. "Sasa mwanangu, nikibaki hapa nitapumzikaje?"

Jibu hilo nimelitafuna miaka. Gulio ndiyo likizo yake. Anakaa chini na wenzake wa tangu usichana, wanacheka habari za watu, wanakagua vitenge wasivyonunua, na hakuna anayemwita aje amtafutie ufunguo. Na hakuna awezaye kumsema, maana mbele yake kuna ndizi. Ndizi ndizo ruhusa.

Nikaanza kuyaangalia mapumziko yetu sisi wa mjini kwa jicho hilo, nikakuta kila mmoja wetu ana ndizi zake mbele. Tukitaka kukaa na kucheka saa tatu tunakwenda VICOBA, kwa sababu kuna hisa za kununua. Tukitaka kuimba kuna kwaya. Tukitaka kutoka usiku tumependeza, kuna sendoff ya binti wa mtu na kamati yake na michango yake. Jumuiya tunakwenda kusali, na tunasali kweli, lakini nusu saa ya mwisho pale mlangoni na viatu vyetu mkononi ndiyo tamu. Mwisho wa Februari, Kilimanjaro Marathon ikifika, utaona akina mama wa makamo wanatembea zile kilomita tano kwa vikundi, wanapiga picha, wanacheka barabarani asubuhi ya Jumapili bila kusemwa na mtu, kwa sababu wamevaa fulana na namba kifuani. Tunajituma hata misibani. Nimewahi kumsikia mwanamke, akimenya ndizi za msiba na kundi la wenzake, akisema hajawahi kupumzika hivyo tangu Januari, kisha akashtuka na kujiziba mdomo.

Starehe ya mwanamke kwetu inapita getini ikiwa imevaa nguo ya kazi au ya ibada. Hata kucheza na watoto siku hizi kumetafutiwa vazi: kunajenga ubongo, kunajenga uhusiano, ni malezi bora. Yote ni kweli. Ila mimi nilitaka kuingia yale maji kwa sababu ni mazuri.

Hapo ndipo nilipolielewa pilau langu. Nilisema sufuria halikuja Chemka kwa miguu yake. Nililibeba mimi, na ukweli ni kwamba hakuna aliyeniomba pilau. Watoto wangekula chipsi au mkate mkavu wakaridhika, watoto wakiwa majini hawana habari na bizari. Nililipika kwa sababu bila hilo sufuria ningekuwa mwanamke aliyeacha nyumba yake Jumapili akaenda kucheza. Lilikuwa mkungu wangu wa ndizi, lilikuwa linanilipia nauli. Kwa hiyo naposema tatizo haliko moyoni mwa mama peke yake, sisemi kwamba mama hana mkono humo. Mkono anao, tena una upawa.

Na yuko nani wa kulipwa hiyo nauli? Mume ni rahisi kumlaumu, lakini wangu hata hatofautishi sakafu iliyodekiwa na isiyodekiwa. Ukimuuliza ghafla atakwambia "imependeza" kwa usalama wake. Macho ninayoyaogopa ni ya mgeni. Sisi nyumba zetu hazina miadi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji anayepona hapo kwa kawaida si yule aliye jikoni. Nina wifi ambaye akija hukaa kwenye kiti kinachotazama korido ya jikoni, kila mara kile kile. Hasemi neno. Anaangalia masufuria yaliyofunikwa kwenye kabati la vyombo, matako juu. Kama yamesuguliwa kwa majivu mpaka yanang'aa, anasema, "Wifi, hujambo lakini?" Kama yana weusi wa moshi anasema, "Wifi, pole na kazi." Pole hiyo ukiipata Jumamosi inakaa na wewe mpaka Alhamisi.

Matako ya sufuria! Chakula kinapikwa ndani.

Baada ya kukaa na jambo hili nimegundua kwamba kazi za nyumbani zenye saa ya mwisho kwa kweli ni chache: chakula, sare, dawa ya mtoto anayeumwa, maziwa yasiharibike. Nyingine zote, mapazia, kabati, sakafu ya uani, matako ya sufuria, zinasubiri bila kudhurika. Lakini ni hizi hizi zinazosubiri ndizo zinazoonekana na mgeni.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya wenye nafasi. Ana hoja, na sitaki kuikwepa. Mama lishe wa Mbuyuni anayewasha jiko kabla ya adhana hawezi kuambiwa aende kuogelea. Kwake siku isiyobandikwa ni siku isiyoliwa, na kuna siku anabandika na haliuziki. Mama anayelea peke yake hana wa kupokezana naye zamu. Kwa hao siku nzima ni ndoto, na sitawauzia ndoto. Ila hata mama lishe anafunga saa kumi jioni, na kinachomngoja nyumbani ni masufuria ya biashara na masufuria ya nyumba, wakati kijana wake wa miaka kumi na tano amekaa na simu barazani. Hapo Chemka haihusiki. Ni kijana ainuke.

Jambo la pili linauma zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi tunaoajiri. Mama mwenye dada wa kazi anaweza kupumzika vizuri kabisa kwa kumwachia dada kila kitu, au kumchukua safarini "na yeye akafurahi", kisha dada ndiye anakaa kwenye mkeka na viatu. Nimewaona wengi pale Chemka, wasichana wadogo wamebeba watoto wa watu kiunoni, wanayatazama maji. Mkeka haujaondoka, umebadilisha mkaaji. Kama nyumba ina mtu mmoja ambaye hawezi kuwa na mikono mitupu, basi tumeshindwa bado, hata kama mtu huyo si mama tena.

Tulirudi Chemka mwaka huu. Ijumaa jioni nilitangaza mezani kwamba Jumapili sipiki, si nyumbani wala njiani. Kimya kilikuwa kile cha umeme kukatika. Mtoto wa kati akauliza, "Sasa tutakula nini?" Nikamwambia tutakachokikuta. Baba watoto akawaza, akasema basi tukifika Boma tununue ndizi za kuchoma na mishikaki. Nikamwambia wazo hilo ni lake, alishughulikie mpaka mwisho, na hela asije kuniomba mimi. Sare zilifuliwa Jumamosi asubuhi na kifungua mimba wangu. Pasi alipiga baba yao, kila suruali ikatoka na mistari miwili mbele, kama reli. Sikuirudia. Kuiacha hiyo mistari kulinigharimu kuliko ninavyoweza kueleza. Dada tulimwacha na siku yake. Akapanda gari kwenda kwa shangazi yake Majengo, na jinsi alivyopendeza nilijiuliza kwa nini sikuwahi kumuona hivyo.

Asubuhi tulikunywa chai tukaondoka. Vikombe, sahani na sufuria la maziwa vilibaki kwenye beseni, maji kidogo juu. Nilifika getini nikarudi, nikasema nimesahau kitambaa. Nilisimama jikoni nikiliangalia lile beseni. Utandu wa maziwa ulikuwa unaelea. Nikachukua kitambaa ambacho sikukihitaji, nikatoka.

Viatu vyote vilifungwa kwenye mfuko mmoja wa salfeti, simu tulileta mbili tu, na mimi na baba watoto tukapeana zamu ya mkeka kwa saa. Zamu yangu ya maji ilipofika niliingia na dera lote, kisha nikalitupa kando. Sijui kuogelea. Nilishika tairi, miguu ikaning'inia, na vile visamaki vidogo vikaja kunidonoa visigino. Nilipiga kelele mpaka watoto wangu wakaona aibu. Mpwa, bingwa wa siku hizi, akaanza kunifundisha kulala juu ya maji: "Shangazi, legeza shingo. Shangazi, umekaza." Nilikuwa nimekaza kweli. Ilichukua muda kulegea, na mara mbili tatu nikiwa chali hivyo, masikio yamo majini, sisikii kitu, nililiona beseni. Sitaki kudanganya kwamba nilisahau. Liliondoka likarudi, likaondoka tena.

Mishikaki ilikuwa migumu na ndizi ziliungua upande mmoja. Zikaisha.

Tulifika nyumbani giza limeingia. Jirani akatoka na mkungu wa ndizi mshare ameukumbatia kama mtoto. "Wifi yako alikuja mchana akakuta kufuli, akaacha huu. Nimemwambia mmeenda kuoga."

"Akasemaje?"

"Akauliza, kuoga tangu asubuhi?"

Tulicheka mpaka jirani akaushusha mkungu chini. Baba watoto aliuingiza jikoni, akawasha taa, nikamsikia ametulia kidogo, halafu nikasikia maji. Aliviosha kwa namna yake. Sufuria la maziwa lilibaki na duara jeupe katikati na kwenye matako hakugusa. Mimi nilikuwa nimeshalala, nywele mbichi, mto wote umelowa.